Mrejesho: gari lililokuwa linanesanesa na kugonga "gok"

Wakuu, wiki mbili zilizopita niliuliza kwa nini gari langu dogo likivuka tuta linaendelea kunesanesa kama mtumbwi, tena linagonga "gok" nikikata kona. Wengi mlisema springi. Sizo.

Fundi alilipiga jeki, tukakuta shokapu ya mbele kushoto imelowa oili. Kumbe springi hubeba uzito wa gari, shokapu kazi yake ni kutuliza mdundo. Ndani mna pistoni yenye vitundu vidogo. Oili hujipenyeza kwa shida, nguvu ya mdundo inageuka joto. Oili ikishavuja, springi inacheza itakavyo.

Mbele ni mfumo wa MacPherson: shokapu imevishwa springi, nayo ndiyo inayoshikilia tairi kwa juu, hivyo ukikata usukani yote inazunguka. Ile "gok" ilikuwa mauntini ya juu (kishikizo chenye raba kinachofunga shokapu kwenye bodi), raba imekufa.

Tumebadilisha shokapu zote mbili za mbele (nilitaka moja, fundi akanicheka), kisha alaimenti (kupanga matairi yakae sawa). Ila kufungua springi ile bila kibanio msijaribu nyumbani, ikifyatuka inaua. Aliyetaja mauntini, una soda yako kwangu.