Naomba ushauri: vifaa vya leo nivitunzeje ili vije kuwa na thamani?

Habari zenu wakuu. Nina vifaa ambavyo sivitumii tena ila moyo unakataa kuvitupa: Nokia 3310, redio ya kaseti, kamera ya dijitali, na iPhone ya kwanza kabisa, ile ya 2007. Nataka kuwaachia wajukuu.

Kwa desturi ya wauzaji, kitu huhesabiwa kuwa cha kale kikifikisha miaka 100 hivi, kwa hiyo sitakuwepo kuviuza. Lakini mwaka 2023 iPhone kama hiyo, ya GB 4 na ikiwa haijafunguliwa boksi, iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola 190,000. Yangu imetumika na boksi halipo, kwa hiyo bei hiyo siitarajii.

Kinachoniumiza kichwa ni betri. Za lithiamu zinaweza kuvimba zikikaa muda mrefu, na zile za redio huvuja zikala vyuma vya ndani. Ya Nokia naitoa kwa mkono tu. Ya iPhone imefungiwa ndani. Je, nimpe fundi aitoe, au kuifungua kutawakimbiza wakusanyaji? Na plastiki isigeuke njano, inatosha kuiweka mbali na jua, joto na unyevu?

Jambo jingine: naona kinachotunzwa na kila mtu hakiwi adimu. Labda chaja, vitabu vya maelekezo na maboksi ndivyo vitakavyotafutwa baadaye, maana ndivyo vinavyotupwa kwanza. Mwenye uzoefu wa kukusanya, ungeanza kuhifadhi nini?