Dodoso la imani kwa polisi wa kata: karibu kila mtu anajibu "sana". Tunakosea wapi?

Mdodosaji_Kata
Wakuu, tunapima imani ya wananchi kwa polisi kwenye kata moja yenye mitaa 6. Sampuli ni kaya 400, na mjumbe ndiye anayewapitisha wadodosaji nyumba kwa nyumba. Swali kuu: "Je, una imani na Jeshi la Polisi?" Majaribio yamerudi, karibu wote wamesema "sana". Vijiweni maneno ni mengine. Tubadilishe nini?

Takwimu_Mtaani
Mjumbe kwanza. Akipiga hodi yeye, mwenye nyumba anajibu kama anaongea na serikali. Awatambulishe mtaani mara moja, kisha abaki kwake. Mwishoni ongezeni swali wanaloliuliza Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni ya wananchi Afrika: "Unadhani nani ametutuma?" Wanaosema "serikali", linganisheni majibu yao na ya wengine. Pengo likiwa kubwa, mmepima woga.

Swali lenyewe nalo ni pana mno. Jeshi zima ni jambo moja, askari wa kituo chenu jingine. Livunjeni: "Ukiibiwa usiku wa leo, utaripoti kituoni?" "Utapata RB (namba ya taarifa yako kituoni) siku hiyohiyo?" "Ukijeruhiwa, utapewa PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali) bila kutoa chochote?" "Utaombwa hela ya mafuta ya gari?" Hapo mtu anajibu anachokijua.

Mama_Sampuli
Kaya 400 zina kosa la asilimia 4.9 juu au chini pale tu zinapochaguliwa kwa nasibu moja moja. Mkizichukua kwa mafungu ya nyumba jirani, majibu hufanana. Athari ya mafungu, yaani kipimo cha jinsi kufanana huko kunavyopunguza nguvu ya sampuli, ikiwa 1.5, hizo 400 zinafanya kazi ya 267 na kosa linafika karibu 6. Mkirudia mwakani kwa sampuli mpya ya ukubwa huohuo, kosa la duru zote mbili linajumlika, hivyo badiliko lisilofika pointi 8.5 msilitangaze kabisa. Heri mafungu 80 ya kaya 5 kuliko mafungu 20 ya kaya 20, ingawa nauli itaongezeka.

Halafu muda. Saa 4 asubuhi mnakuta akina mama na wazee. Vijana wa bodaboda, wanaokutana na polisi barabarani kila siku, hawapo. Nendeni baada ya saa 11 jioni, na Jumapili. Ndani ya kaya andikeni wote wenye miaka 18 na zaidi, mmoja achaguliwe kwa kadi. Kama hayupo, rudini mara 2 au 3. Msimhoji aliyepo kwa sababu tu ndiye aliyefungua mlango, tafadhali.

Mdodosaji_Kata
Shukrani sana. "Sijui" tumsomee mhojiwa kama chaguo?

Takwimu_Mtaani
Msisome, ila iwepo kwenye fomu, na "amekataa" iwe na namba yake. Mkizitoa kwenye hesabu, asilimia ya wenye imani inapanda bila mtu yeyote kubadili mawazo. Na swali la jumla la imani litangulie yale ya uhalifu. Mtu akishakumbushwa wizi wa juzi, jibu lake si lilelile.