Naomba ushauri: kufika Mtwara na baiskeli kutoka Arusha ili kuanza safari ya pwani hadi Horohoro

Mwendo wa Pwani (mleta uzi)

Ndugu wanajamvi, salaam kwenu.

Mwezi Julai nakusudia kuifuata pwani yetu kwa baiskeli kutoka Mtwara hadi mpaka wa Horohoro, peke yangu, nikiwa nimebeba hema, jiko dogo, vifaa vya kutengenezea na chakula kwenye mifuko ya pembeni, bila gari la kunifuata nyuma. Safari yenyewe nimeitafakari kwa muda mrefu na sina hofu nayo. Kinachoninyima usingizi ni namna ya kuufikia mwanzo wake, kwa kuwa naishi Arusha, na kutoka hapa hadi Mtwara kwa kupitia Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,200.

Wenzangu wananishauri nianzie Tanga na kuelekea kusini, kwa sababu basi la Arusha hadi Tanga ni la moja kwa moja na mtu hufika akiwa hajachoka. Nikishika msimamo wangu wa kuanzia Mtwara, itanilazimu kubadili basi Dar es Salaam, na hapo ndipo penye maswali yangu. Wahudumu wa mabasi huipokeaje baiskeli? Nivukeje jiji kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi hadi upande wa Mbagala nikiwa na mzigo wote huo? Je, kupanda ndege kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara kunapunguza adha au kunaiongeza? Na nikishafika, kuna haja ya kuteremka mpaka Mto Ruvuma ili safari ianzie mwisho kabisa wa pwani yetu?

Baiskeli yangu ni ya fremu ya chuma na rimu za inchi 26.

Mkazi wa Kilwa

Ndugu mleta uzi, karibu sana huku kwetu. Kabla ya kuzungumzia mabasi, nakuomba usikubali kuanzia Tanga mwezi huo, hata ukibembelezwa vipi. Julai ni katikati ya kusi. Upepo unatoka kusini na kusini-mashariki, na mchana, jua linapopasha ardhi, unaongezewa nguvu na upepo wa baharini. Ukianzia Mtwara utakuwa unakusukuma mgongoni kwa sehemu kubwa ya njia. Ukianzia Tanga utakupiga usoni kila alasiri, na kwa mtu mwenye mifuko minne pembeni hilo si jambo dogo, kwa maana mifuko hiyo inaushika upepo kama tanga. Siku moja au mbili za taabu ndani ya basi ni bei ndogo ya kulipia upepo wa mgongoni wa safari nzima.

Pwani Yangu

Lakini kwa nini asiahirishe mpaka Januari? Kaskazi itakuwa inavuma, aanzie Tanga kwa urahisi wake, na upepo uwe wake vilevile.

Mkazi wa Kilwa

Ndugu yangu, ingefaa kama mvua za kusini zingekuwa kama za Tanga. Lindi na Mtwara zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, kwa hiyo atakayeanzia Tanga mwezi Januari atakutana na mvua hizo akiwa nusu ya pili ya safari, mahali ambapo vijiji viko mbalimbali zaidi. Tena barabara yetu inajulikana kwa kukatika: kimbunga Hidaya kilipopiga mwanzoni mwa Mei 2024, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika sehemu kadhaa, Somanga ikiwemo, na abiria wakakwama kwa siku kadhaa. Julai kwa kawaida ni kukavu na kuna ubaridi kidogo. Abaki na Julai yake.

Fundi Mnyororo

Naomba nijibu kuhusu basi, kwa sababu hapo ndipo baiskeli nyingi zinapoharibika kabla hazijakanyaga lami ya safari yenyewe.

Usikate tiketi kwa simu halafu ukatokea alfajiri na baiskeli. Nenda stendi siku moja kabla, ukiwa na baiskeli yenyewe, uwaoneshe, uombe kuliona buti, mkubaliane bei ya mzigo, na uhakikishe bei hiyo imeandikwa kwenye tiketi au kwenye stakabadhi ya mzigo. Makubaliano ya mdomo na mtu wa ofisini hayamfungi kondakta wa kesho yake. Mabasi ya kwenda kusini hubeba bidhaa nyingi za wafanyabiashara wanaotoka Kariakoo, kwa hiyo buti hujaa mapema; ukitangulia, baiskeli yako inapata ukuta wa kuegemea, na ukichelewa itawekwa juu ya mabeseni na katoni, kisha na yenyewe iwekewe magunia juu. Chunguza pia kalenda ya Idd, maana siku zile za kuelekea sikukuu kila mtu wa Lindi na Mtwara anarudi nyumbani na hakuna atakayekusikiliza.

Namna ya kuifunga ni hii. Toa gurudumu la mbele na ulifunge ubavuni mwa fremu kwa vipande vya tyubu chakavu, ambavyo vinakaza kuliko kamba na havikwaruzi rangi. Pachika kipande cha mbao kati ya miguu ya uma wa mbele, pale gurudumu lilipokuwa, ili uma usibanwe ukapinda. Toa pedali zote mbili, na ukumbuke kwamba ya kushoto ina nyuzi za kinyume, hivyo hufunguka kwa kuzungushwa kuelekea mwendo wa saa. Nimeshaletewa mikono ya pedali iliyoharibiwa nyuzi na watu wenye nguvu waliokuwa wakikaza huku wakidhani wanalegeza. La muhimu kuliko yote ni kile kibadilisha gia cha nyuma. Kifungue kwenye sikio la fremu, yaani kile kipande kidogo cha chuma kinachokishikilia, kiache kikining'inia na mnyororo wake, kizungushie kitambaa kizito, kisha kifunge ndani, katikati ya mabomba ya nyuma ya fremu. Sikio lile likipinda kidogo tu, gia hazitakaa sawa, na huko mbele mafundi ni hodari wa baiskeli za kawaida lakini vifaa vya gia huwa hawanavyo. Kama sikio la fremu yako ni la kufunguka, nunua la akiba linaloendana nayo hapo hapo Arusha. Tairi na tyubu za inchi 26 hazitakupa shida njiani. Ungekuwa na rimu za aina nyingine ningekwambia ubebe zako.

Ikishafungwa, ilaze buti upande wa mnyororo ukitazama juu. Basi likisimama na buti kufunguliwa, iwe Kibiti au Nangurukuru, shuka ukatazame, kwa sababu mizigo hupangwa upya kila abiria anaposhuka.

Dada wa Mbagala

Kuhusu kuvuka jiji, kaka, basi la alfajiri kutoka Arusha litakufikisha Mbezi jioni, na huo si wakati wa kuingia barabarani na baiskeli iliyosheheni. Lala nyumba ya wageni karibu na stendi. Kesho yake una njia mbili. Ya kwanza ni kukodi kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, ukapakia kila kitu bila kuifungua baiskeli, mkaelewana bei kabla ya kupakia. Ya pili, ambayo naipendekeza kama siku hiyo ni Jumapili, ni kuendesha mwenyewe kunapopambazuka kupitia Barabara ya Morogoro hadi Ubungo, ukaingia Mandela, kisha Barabara ya Kilwa. Siku za kazi usiijaribu Mandela, maana malori ya bandarini hayana nafasi ya kukupisha. Uliza mapema basi lako linaanzia wapi na linapakia mizigo wapi, kwa kuwa yote ya kusini hupitia Mbagala, lakini kituo cha njiani si mahali pa kumshawishi kondakta apokee baiskeli.

Jambo jingine: mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku tangu Oktoba 2023. Nakusihi uchague la asubuhi. Buti likifunguliwa gizani hutaona nini kinafanyika.

Mwana wa Mikindani

Mleta uzi, mimi ni mzaliwa wa huku. Ukishuka Mtwara usiunge safari kesho yake. Jipe siku nzima ya kuunganisha baiskeli, kununua mafuta ya taa au nishati yoyote inayotumiwa na jiko lako, kisha ipakie mzigo wote uende Mikindani na kurudi. Ni kama kilomita 10 kwenda, na kama kuna nati inayolegea au keria inayogusa tairi, utaigundua ukiwa bado karibu na maduka. Ukiondoka rasmi utapita hapo hapo Mikindani kuelekea Lindi, ambako ni zaidi ya kilomita 100.

Kuhusu Ruvuma, nakuomba uniamini. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilicho kando ya mto huo kilishambuliwa na watu waliovuka kutoka Msumbiji. Tangu wakati huo mtu mgeni, peke yake, mwenye hema na mifuko mikubwa kwenye vijiji vya mpakani ni lazima aulizwe maswali, na wanaomuuliza wana haki. Ukiwa na shauku ya kugusa kona ya kusini kabisa, nenda Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, lakini nenda kwa gari, uache mifuko mjini, kwa kuwa njia ina mchanga unaomeza tairi. Popote utakapolala nje ya nyumba ya wageni, ripoti kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji na umwoneshe kitambulisho.

Mwendo wa Pwani (mleta uzi)

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimeamua: Mtwara, Julai, na Ruvuma naiacha. Nitasafiri Jumamosi ili asubuhi ya Jumapili nivuke jiji, kisha nipande basi la kusini Jumatatu. Limebaki suala la ndege, kwa sababu ndugu yangu mmoja amejitolea kunilipia nauli.

Fundi Mnyororo

Kama nauli imelipwa na mwingine, ndege inakuokolea siku nzima barabarani, lakini ina masharti yake. Andika kwa shirika kabla ya kukata tiketi, uwape vipimo na uzito wa boksi, na usubiri wakubali kwa maandishi, kwani ndege za ndani si zote zenye mlango wa mizigo mpana. Boksi utalipata kwenye maduka ya baiskeli mpya Kariakoo, na lifuate Jumapili hiyo hiyo ukishatua mzigo. Jiko lisafishwe mpaka lisinuke, na chupa ya mafuta iwe tupu na kavu; nishati utanunua Mtwara. Betri za akiba za simu na taa zote ziwe kwenye begi la mkononi, kwa sababu haziruhusiwi kwenye mizigo inayokabidhiwa. Wasipokujibu kwa maandishi, panda basi.