Coroner (1995): mkusanyiko wa masalia au albamu kamili?

Nyuzi_Sita: Wakuu, kwa anayeanza na Coroner, bendi ya thrash metal (metali ya kasi) ya Zürich, Uswisi, na pesa inatosha CD moja tu, lipi bora: ile ya 1995 yenye jina la bendi, Grin (1993) au Mental Vortex (1991)? Ya 1995 ina nyimbo 16. Ngapi hazimo kwenye albamu tano za kabla yake?

Kanda_Chuma: Nane ni mpya kabisa: Benways World, The Favorite Game, Shifter, Snow Crystal, Gliding Above While Being Below, Der Mussolini (wa DAF, Wajerumani), na Golden Cashmere Sleeper sehemu zote mbili. Kuna pia wimbo Grin uliochanganywa upya (remix) na Purple Haze ya Hendrix waliyoipiga moja kwa moja redioni. Sita zilizobaki ni za albamu: Serpent Moves (Grin), Divine Step na I Want You (Mental Vortex), Last Entertainment (No More Color), Masked Jackal (Punishment for Decadence) na Reborn Through Hate (R.I.P.).

Anayeanza achukue Mental Vortex. Gitaa la Tommy T. Baron linasikika noti kwa noti, na besi ya Ron Royce, mwimbaji wao, haijazikwa chini yake. Masalia (ile CD ya 1995) yafuate baada ya Grin, kwa sababu zile nyimbo mpya zinaendeleza mwendo wa Grin: mdundo mzito unaorudiwa, kasi imepunguzwa. Ukizisikia kabla ya Grin utadhani bendi imechoka, kumbe walikuwa wanaelekea huko makusudi.

Besi_Nzito: Naungana na mkuu hapo juu, ila tatizo kubwa la CD hii ni mpangilio. Wimbo namba 9 ni wa 1989, namba 10 ni Reborn Through Hate ya 1987, halafu namba 11 ni Golden Cashmere. Unatoka kwenye ngoma za mbio alizorekodi mtayarishaji Harris Johns na kuangukia mdundo wa taratibu, bila daraja lolote. Dawa yake: tengeneza orodha ya nyimbo namba 1, 2, 3, 5, 7, 8, 11, 12 (zile nane mpya), kisha 15 na 16 mwishoni. Hapo inakuwa albamu fupi ya sita, na nzuri kweli.

Faili_Safi: Ukiihamishia kwenye kompyuta, tumia FLAC, faili ya sauti isiyopunguza ubora. MP3 huongeza ukimya kidogo mwanzo na mwisho wa faili, hivyo programu isiyojua kuukata itaacha pengo kati ya 11 na 12. ReplayGain (mpangilio wa kusawazisha ukubwa wa sauti) iweke kwa wimbo mmoja mmoja, si kwa albamu nzima. Ukiiweka kwa albamu, tofauti za sauti kati ya rekodi za miaka mbalimbali zinabaki vilevile.

Nyuzi_Sita: Na Death Cult, demo (rekodi ya majaribio) yao ya 1986, aliyoimba Tom G. Warrior wa bendi ya Celtic Frost?

Kanda_Chuma: Haimo. Hiyo itafute peke yake.

Besi_Nzito: Anayetaka masalia yasiyorukaruka asikilize Nothing to Gain ya Vio-lence, bendi ya thrash ya Marekani. Ilitoka 1993, lakini ilirekodiwa mpiga gitaa wao Robb Flynn akiwa bado hajaondoka kwenda kwenye bendi ya Machine Head. Ni bendi ileile na kipindi kilekile, kwa hiyo inashikana kuliko hii ya Coroner. Kwa utunzi, hata hivyo, Shifter na Snow Crystal zinaishinda.

Faili_Safi: Jambo moja zaidi: jina la albamu na la bendi ni lilelile, kwa hiyo andika "Coroner (1995)" kwenye sehemu ya albamu. Usipofanya hivyo, baadhi ya programu huchanganya nyimbo hizi na faili nyingine za bendi zisizo na jina la albamu.