Albamu za Frank Zappa: nianze na ipi?

Wakuu, Freak Out! (1966) ya Zappa, yule mwanamuziki wa roki wa Marekani, imenishinda. Kejeli, kelele na nyimbo za mapenzi za kubeza, vyote kwa mpigo! Nianze wapi?

— Hot Rats (1969). Karibu yote ni ala tupu. Wimbo mmoja tu una sauti ya kuimba, ya mwimbaji Captain Beefheart. Ilirekodiwa kwa mashine ya traki 16 (sehemu 16 hurekodiwa kila moja kivyake, kisha huunganishwa), ndiyo maana mpiga ala Ian Underwood peke yake anasikika kwenye saksafoni, klarineti na kinanda kwa pamoja. Kibao cha Peaches en Regalia humo kisikilize mara mbili: kwanza fuata melodi, halafu ngoma tu.

— Naunga mkono. Ila utamu wa kejeli uko We're Only in It for the Money (1968), inayowacheka mahipi (vijana wa miaka ya 1960 waliokataa desturi za jamii) na wakubwa wao bila kubagua. Epuka CD ya miaka ya 1980: besi na ngoma zilirekodiwa upya, zikaharibu ladha. Toleo la 1995 lilirudisha miksi ya awali, yaani mchanganyiko wa sauti wa mwanzo.

— Joe's Garage (1979) isubiri. Solo nyingi za gitaa zilikatwa kwenye rekodi za matamasha zikabandikwa juu ya midundo ya studio. Ukisikia gitaa na ngoma haviendi sawa, spika zako ni nzima. Solo ya kibao cha Watermelon in Easter Hay haikubandikwa hivyo.