Tupeane uzoefu: ukisimama kwenye foleni na pikipiki, unajilindaje na anayekuja nyuma?

#1
Wakuu, kukata kona na kushika breki kwenye mchanga tunafundishana kila siku. Kusimama tunakuona ni kupumzika. Mimi niligongwa nikiwa nimesimama kabisa: taa nyekundu, gia nyutro, miguu yote chini, nimelegeza kamba ya helmeti nijifute jasho. Nilisikia matairi yakilia, basi. Pikipiki iliingia chini ya bampa ya gari la mbele, mimi nikakutwa nimekaa kwenye lami nimeshika goti, helmeti imebiringika hadi kwenye tairi la basi la njia ya pili.

Tangu siku hiyo sisimami katikati ya mkia wa gari. Nakaa upande mmoja, usukani unatazama upenyo, gia namba moja, klachi nimeibana, jicho kwenye kioo. Nafasi ninayoacha ni ya kuniwezesha kuona matairi ya nyuma ya gari la mbele yanapogusa lami. Nyutro naiweka pale tu gari la nyuma yangu linaposimama, na ikiwezekana la pili pia. Gari la kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Ukianza kutafuta gia muda huo umechelewa. Nyie mnafanyaje?

#2
Pole sana mkuu. Mimi naweka chini mguu wa kushoto peke yake, wa kulia unabaki kwenye breki ili taa ya nyuma iwake. Nikiona gari linakuja bila kupunguza, naichezesha breki taa ipepese mara tatu nne.

Ila kagueni swichi zote mbili, ya mkono na ya mguu. Ya mkono kwangu ilikuwa imekufa, na usiku nilikuwa nasimamia breki ya mkono tu, naamini taa inawaka. Dereva mmoja ndiye aliyeshusha kioo akaniambia, "Ndugu yangu, nyuma huna taa ya breki." Mpaka leo namwombea heri mtu yule.

#3
Mimi sikai mkiani, napenya polepole kati ya magari yaliyosimama niende mbele. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wa mwaka 2015 uliangalia waendesha pikipiki waliopata ajali: kati ya waliokuwa wakipenya, asilimia 2.6 waligongwa kwa nyuma. Kati ya wasiopenya, asilimia 4.6. Lakini utafiti huohuo ulionyesha wanaopenya huwagonga wa mbele mara nyingi zaidi, kwa hiyo msikimbie. Na kuna nchi sheria inakataza, jueni ya kwenu. Mimi mlango wa abiria ulinifungukia usoni. Nilikuwa mwendo wa kutembea kwa miguu, ndiyo maana niliishia kuvunja kioo cha pembeni tu.

#4
Ukipenya, usije ukaishia mbele ya pua ya lori. Dereva amekaa juu, na hapo chini ya kioo chake hakuoni kabisa. Nilisimama hapo mara moja, taa ikageuka kijani, lori likaanza kusogea mimi bado sijaondoka. Nilipiga honi huku nikigonga bampa kwa kiganja. Sasa nasogea mbele mpaka nione uso wake. Nisipouona, najua na yeye hanioni.

#5
Mguu pia uangalieni unakanyaga wapi. Katikati ya njia ndipo mafuta ya injini hudondokea, mvua ikianza panateleza vibaya.

#1
Asanteni. #4, hilo la kutafuta uso wa dereva naanza nalo leo.

Kinachoninyima raha ni abiria, maana yeye ndiye wa kwanza kufikiwa na bampa. Mke wangu nikimbeba tumekubaliana hivi: nikimgonga goti mara mbili ananishika kiuno imara, haulizi kitu, maana naondoka. Jana nilimgonga. Gari likasimama vizuri, lakini alikuwa ameshanishika.