Mjadala: Tupime watoto kliniki, au twende mlango kwa mlango?

Swali: Kaunti ikitaka kujua hali ya lishe na chanjo kwa watoto wa chini ya miaka mitano, wapo wanaotaka wapimwe kliniki, na wapo wanaosema lazima twende kwenye kaya. Mnasemaje?

Muuguzi, Nyando: Kliniki. Mizani ipo, daftari lipo, na mama anakuja mwenyewe. Mnaenda kuchoma mafuta na posho mkitafuta watoto ambao tunao hapa.

Mtakwimu, Kisumu mjini: Wingi wa watoto kwenye daftari hautibu upendeleo wa kupima wanaokuja tu, dada. Asiyechanjwa hayumo kwenye daftari lako, kwa hiyo haliwezi kukuambia wako wangapi. Isitoshe, ratiba ya kawaida ya chanjo humleta mtoto wiki ya 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na 18. Baada ya hapo wengi huonekana wakiugua tu. Ndiyo maana KDHS ya 2022, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu Kenya, ilienda nyumbani: klasta 1,692 (maeneo madogo ya kuhesabia), kaya 25 kila klasta, mjini na mashambani zikichaguliwa kando.

Msimamizi wa timu, Nyalenda: Kaya, naam, lakini kazi huharibikia kwenye kuorodhesha. Ploti ina lango moja na vyumba kumi, kila chumba na jiko lake. Mworodheshaji mvivu anaandika kaya moja, basi wapangaji tisa hawawezi tena kuchaguliwa, nao ndio wenye watoto wadogo. Hesabuni majiko, si malango! Orodha ikifika kaya 100 na mnataka 25, pengo ni 4: pigeni kura kati ya 1 na 4, ikitoka 3, nendeni 3, 7, 11, hadi 99.

Afisa wa lishe, Naivasha: Na nyumba iliyofungwa? Huku mama yuko shamba la maua tangu alfajiri. Tukimchukua jirani, tunamaliza mapema.

Mtakwimu: Usimchukue. Jirani anayepatikana mchana yuko na mtoto wake kutwa. Wa mfanyakazi ameachiwa yaya, na hali yao ya lishe huenda haifanani. Rudi mara tatu, moja iwe jioni, moja Jumapili. Ikishindikana, andika hawakupatikana, kisha rekebisha uzani, si kilo za mtoto, bali idadi ya watoto ambao kila aliyepimwa anawasimamia. Tuseme umepima watoto 200 kwenye kaunti ndogo yenye watoto 40,000, na 200 kwenye yenye 10,000: wa kwanza kila mmoja anasimamia 200, wa pili 50. Ukijumlisha bila uzani, kila mtoto wa kaunti ndogo ya pili amepewa sauti mara nne ya mtoto wa ile ya kwanza. Ila aliyeachwa nje ya orodha, uzani haumrudishi.

Muuguzi: Kwa takwimu za kaunti, sawa, nendeni. Lakini surua haingoji utafiti unaokuja baada ya miaka kadhaa. Daftari letu libaki la kufuatilia kila mwezi. Na mkifika nyumbani, ombeni kijitabu cha kliniki kabla ya kuandika umri. Mama husema "miaka miwili" kwa kukadiria. Mtoto wa miezi 20 akiandikwa 24, anaweza kuonekana amedumaa na wala hajadumaa.